Bahasha za Kaki

Nairobi niliyokuwa nikiijua mimi ni ya River Road: kushuka basi la usiku alfajiri, kuzunguka maduka ya dawa ya jumla, kufunga maboksi kwa kamba, na jioni kurudi zangu Mombasa. Mtu anaweza kuuza dawa Mwembe Tayari mpaka ndevu zikageuka rangi na bado asijue Kibera iko upande gani wa mji. Aliyenitoa nyumbani ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, muuguzi katika idara ya dharura ya hospitali moja ya umma huko Nairobi. Kila akitoka zamu ya usiku alikuwa akinipigia simu na swali la namna ile ile: "Shikamoo Mjomba. Kidonge kidogo, cheupe, cha duara, kina mstari katikati, hakina maandishi. Chaweza kuwa nini?"

Chaweza kuwa dawa hamsini. Chaweza kuwa ya presha, ya sukari, ya mzio, ya kifafa, ya usingizi. Mgonjwa amelala hajitambui, nduguze wamekuja na kidonge kimoja kilichosalia kiganjani, na huyu mtoto anataka mimi niliye Mombasa nikitambue kwa simu. Siku moja nilimwambia nimechoka kubahatisha. Akanijibu, "Basi njoo uone vinakotoka."

Treni ya Madaraka imeshasimuliwa na wengi tangu ianze mwaka 2017, kwa hiyo nitaipita. Miritini tuliondoka na joto, Syokimau tukateremkia kwenye baridi ya Julai, nikahamia treni ndogo ya kuingia mjini, kisha matatu namba 8 ya kwenda Kibera, ambayo utingo wake aliniita "mzee wa Mombasa" kabla sijafungua mdomo. Sikumuuliza amejuaje.

Mtu wa Pwani akiingia Kibera kwa upande wa Makina hajihisi mgeni sana. Msikiti upo, adhana inasikika, mahamri yapo ingawa wao wanayaita mandazi, na kina mama wa Kinubi wamejitanda vizuri. Wanubi ndio wenyeji wa zamani wa hapa, vizazi vya askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza na kupewa eneo hili, wakati huo likiwa msitu, mwanzoni mwa karne ya 20. Walingoja mpaka 2017 ndipo wakapata hatimiliki ya ekari 288. Ukiwaacha na kuteremka, unakutana na reli ya kwenda Kisumu, na kutoka hapo vijiji vinafuatana bila mpaka wa macho: Lindi, Silanga, Laini Saba, Gatwekera, Kianda. Mabati yameshikana na mabati. Mpwa wangu alinikabidhi kwa mhudumu mmoja wa afya ya jamii, mama wa makamo mwenye mkoba mgongoni na simu isiyonyamaza, akaenda kulala kabla ya zamu yake.

Nilimwambia yule mama kwamba kabla ya kuona wagonjwa nataka kuona maduka. Akacheka. "Baba, za kutembelea ziko nyingi, hutazimaliza." Kweli, tulikuwa tukihesabu kemist moja kila baada ya vibanda vichache. Nyingine zina cheti kimetundikwa ukutani ndani ya fremu, na nyingine zina kalenda. Bodi ya Famasia na Sumu hufanya misako na kuzifunga zisizo na leseni. Wenye nazo huziteremshia pazia la bati siku ya msako na kulipandisha siku ya pili.

Tulisimama kwenye moja iliyo na wavu wa chuma mbele ya kaunta. Akaja kijana mwenye saruji kwenye viatu. "Bosi, nipe ya mwili kuuma, ya mbao." Mbao ni shilingi ishirini. Muuzaji hakuuliza kitu. Alitoa kipande cha vidonge, akachukua mkasi, akakata viwili, akaviangusha ndani ya bahasha ndogo ya kaki, akaandika kwa kalamu: 1×2. Kijana akameza kimoja palepale kwa maji ya pakiti, cha pili akatia mfukoni. Nikaomba kukitazama kile kipande kilichobaki kwa muuzaji. Jina la dawa lilikuwa limebaki upande wake. Tarehe ya kuharibika ilikuwa imekwisha kuuzwa, sijui kwa nani, pembeni ya kidonge cha asubuhi.

Uuzaji wa namna hii Nairobi wanauita uchumi wa kadogo, na si wa dawa peke yake. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe, sukari kwa kijikaratasi, sabuni ya unga kwa kijiko, mkaa kwa kopo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Sikuona ajabu, kwa sababu Mwembe Tayari nako tulikata vidonge. Lakini kwetu wateja ni wale wale, unamjua mtu na mama yake na ugonjwa wake, na akirudi unakumbuka ulimpa nini. Hapa mteja wa leo kesho yuko Industrial Area au kwao Bungoma. Ile bahasha ndiyo kumbukumbu yote iliyopo, nayo imeandikwa mara ngapi kwa siku, haikuandikwa nini.

Na hiyo "nini" ndiyo roho ya jambo. Kijana yule akimeza paracetamol kwa jina la Panadol asubuhi, akaja kumeza mchanganyiko wa maumivu mchana, akanunua ya mafua usiku, yawezekana amekula paracetamol mara tatu kwa majina matatu. Kipimo cha juu cha mtu mzima ni gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya kawaida. Fundi mwenye maumivu ya mgongo anaweza kuvuka hapo bila nia mbaya yoyote, tena akijiona mtu mwangalifu aliyefuata bahasha zote tatu.

Nilikuwa nimekuja na hesabu yangu kichwani, nayo ilitoka Uingereza. Kule, Septemba 1998, serikali ilipunguza idadi ya vidonge vya paracetamol ndani ya boksi moja: 16 kwenye duka la kawaida, 32 famasia. Sababu ni kwamba watu wengi waliojidhuru hawakuwa wamepanga. Walikuta dawa kabatini katika saa mbaya ya maisha yao. Profesa Keith Hawton wa Oxford na wenzake walifuatilia, na mwaka 2013 wakatoa matokeo kwamba katika miaka 11 vifo vya paracetamol nchini England na Wales vilipungua kwa asilimia 43 hivi kuliko ilivyotarajiwa. Hakuna dawa mpya iliyobuniwa wala hospitali mpya iliyojengwa. Ni boksi tu lililopunguzwa.

Basi nikawa natazama mkasi wa yule muuzaji na kujiambia: Kibera imeitangulia Uingereza. Huku hakuna boksi. Umaskini wenyewe umeweka sheria ya vidonge viwili. Nilimwambia mama wa afya fikra yangu hiyo, nikidhani nimegundua kitu. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Hiyo ni ya kemist. Twende kwa nyanya sasa."

Nyanya mwenyewe, yaani bibi mwenye nyumba, alikuwa Lindi, chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, redio, picha ya mjukuu aliyemaliza darasa la nane. Presha anayo, sukari anayo. Anapata dawa zake kliniki, za mwezi mzima, wakati mwingine zaidi. Hii ni habari njema na naisema hivyo: Madaktari Wasio na Mipaka walipokuwa na kliniki zao Kibera, kabla hawajazikabidhi kwa serikali mwaka 2017, walizoesha watu kutibiwa presha na sukari mahali pamoja na VVU, karibu na nyumbani. Dawa za muda mrefu zimefika mlangoni pa maskini. Ila zikifika zinawekwa wapi? Bibi alinionyesha mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye msumari. Ndani yake dawa za presha za aina mbili, za sukari, vidonge vyekundu vya madini ya chuma ambavyo binti yake aliviacha baada ya kujifungua, na bahasha tatu za kaki zisizojulikana. Vingine alikuwa ameshavitoa kwenye pakiti na kuvichanganya kwenye mkebe wa majani ya chai, maana panya hutafuna karatasi.

Msumari ulikuwa chini ya kimo changu. Mjukuu wa miaka mitatu alikuwa amesimama juu ya kitanda, na kitanda kilikuwa chini ya msumari.

Vidonge vya madini ya chuma nataka nivisemee zaidi, kwa sababu hakuna anayevihofu. Kenya humpa kila mjamzito kidonge kimoja kwa siku chenye miligramu 60 za madini hayo pamoja na asidi ya foliki, na ni jambo la kheri. Mama wengi huku wana upungufu wa damu. Lakini vinapendeza, vina ganda laini lenye rangi, na mtoto hajui tofauti yake na peremende. Akivila vingi atatapika na kuharisha, kisha atatulia. Hapo ndipo pabaya. Mama atasema alhamdulillahi mtoto amepona, atamfunika alale, na chuma kitaendelea kuharibu ini na damu kimyakimya mpaka kesho yake. Paracetamol nayo ina hila hiyo hiyo. Siku ya kwanza mtu anaweza kuzungumza, kula na kuomba aruhusiwe aende nyumbani, huku ini limeshaanza kuharibika. Dalili zitamjia siku ya pili au ya tatu. Dawa yake ya kuliokoa ini, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri sana ikiwahi ndani ya saa nane za mwanzo. Kwa hiyo yule anayeonekana mzima ndiye wa kukimbizwa.

Marekani waliona vifo vya watoto wa namna hii zamani, wakatunga sheria mwaka 1970 kwamba dawa ziuzwe kwenye chupa zenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Nilikumbuka sheria hiyo nikiwa nimeshika mkebe wa majani ya chai.

Jioni nikaenda hospitali. Mpwa wangu aliniombea ruhusa ya kukaa kwenye benchi la nje, pamoja na ndugu za wagonjwa, na akaniwekea sharti: nisiulize jina la mtu, na nisiandike la mtu. Nimelitii. Ninayosimulia hapa ni ya benchi na ya kwake yeye, na si ya mgonjwa yeyote mmoja.

Aliniambia kwamba kazualti ina saa zake. "Asubuhi, Mjomba, ni wazee." Mzee ameamka, amemeza kidonge cha sukari kama alivyoagizwa, akangoja uji, uji haukuja. Mchana wanamkuta jasho linamtiririka na maneno yamemchanganyika, wanadhani ni kiharusi au ni pombe. Dozi ilikuwa ile ile ya daktari. Kilichokosekana ni chakula. Kwenye chumba cha dharura huyu anaonekana kama mtu aliyezidisha dawa, na kwa hakika mwili wake umezidiwa, ila sioni ni kosa gani alilotenda. "Meza baada ya kula" ni agizo la mwenye chakula.

Alasiri ni watoto wa kutambaa na wa miaka miwili, mitatu. Mama yuko kazini, anafua nguo za watu mitaa ya ng'ambo ya barabara, na mtoto ameachwa kwa dada yake mdogo au kwenye nyumba ya kulelea watoto. Hawa hufika kwa ajili ya mafuta taa zaidi kuliko dawa. Mafuta taa yanakaa kwenye chupa ya soda, nayo chupa ya soda mtoto anaijua inakaa nini. Tangu serikali ilipoyaongezea ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 yamepungua majumbani, anasema, lakini chupa ya soda haikukaa tupu: sasa ina jik, dawa ya madoa, ya kupima. Halafu wapo wanaoletwa kwa kulala kupita kiasi. Baadhi ya walezi humpa mtoto dawa ya maji ya mzio na mafua ili asisumbue, na kijiko cha jikoni hakipimi kitu. Mama anaporudi saa moja jioni anaambiwa mtoto amechoka na mchezo.

Usiku ni vijana. Hapa mpwa wangu alipunguza sauti, ingawa benchi lilikuwa limejaa kelele. Wasichana kwa wavulana, baada ya ugomvi, baada ya matokeo ya mtihani, baada ya simu iliyokatwa. Walichomeza ni kile kilichokuwa karibu, mara nyingi kwenye ule mfuko wa bibi niliouona mchana. "Mchana kutwa ulikuwa unasifu vidonge viwili vya kemist," aliniambia, maana yule mama wa afya alikuwa ameshamsimulia. "Hakuna mtoto anayeletwa hapa kwa vidonge viwili."

Alikuwa na haki. Boksi la Uingereza Kibera lipo, ila halitoki dukani. Linatoka kliniki, kwa nia njema, na linaishi msumarini.

Kwa miaka mingi vijana hao walikuwa na sababu ya kusema uongo kwa daktari. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kifungo hadi miaka miwili, au faini, au vyote. Askari angeweza kusimama kando ya kitanda. Kwa hiyo kila mgonjwa alikuwa "amekosea dawa", na kila mama alikuwa amekuta mtoto "amekosea dawa", na kwenye daftari la hospitali likaandikwa hilo. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, katika kesi ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa miongoni mwa walioileta. Hukumu hiyo ilisomwa kilomita chache tu kutoka kwenye benchi nililokalia. Nilimwuliza baba mmoja jirani yangu kama ameisikia. Hakuwa ameisikia. Alikuwa akizunguka mlangoni akimwomba Mungu polisi wasije.

Ndugu wengine wa benchini walikuwa na ombi moja tu: "Mwosheni tumbo!" Wanaamini mtu aliyemeza kitu hajatibiwa mpaka apitishiwe mpira mdomoni na maji. Mabingwa wa sumu wa Marekani na Ulaya walishaandika pamoja mwaka 1997 kwamba kuosha tumbo kusiwe jambo la kawaida. Faida yake ni ndogo na mgonjwa asiyejitambua anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Kwa aliyemeza mafuta taa ni hatari zaidi, kwa sababu yanayoua kwenye mafuta taa ni yale yanayoingia mapafuni, na kumtapisha ni kuyapa njia mara ya pili. Hata hivyo karibu kila mtoto niliyemwona akibebwa kuingia alikuwa na maziwa kifuani. Majirani walikuwa wamemnywesha. Nilimsikia muuguzi mmoja akieleza ubaya wa maziwa kwa upole kwa mama mmoja, kisha kwa mwingine, kisha kwa wa tatu, na upole ukiwa unapungua kila safari.

Anachotaka kujua muuguzi ni kidogo mno: amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi, na kama kuna kingine. Saa ina maana kuliko watu wanavyodhani. Tangu 1975 madaktari wanatumia mchoro wa Rumack na Matthew kuamua nani anahitaji asetilisisteini, na mchoro huo unaanza kusomeka saa ya nne baada ya kumeza. Bila saa mchoro ni mstari tu kwenye karatasi. Mkaa wa dawa, nao si wa jiko, husaidia zaidi ukitolewa ndani ya saa moja. Kutoka Gatwekera mpaka barabarani kwa miguu, usiku, mtoto begani, halafu bodaboda, saa hiyo imeshaondoka. Basi lisalie walau jina. Na jina halipo, kwa sababu bahasha imeandikwa 1×2.

Siku iliyofuata nikapanda hadi barabara ya Ngong, nikashika njia ya Kawangware kupitia Dagoretti Corner. Ukitokea mjini ungepanda namba 46, inayokupitisha Yaya na kuta ndefu za Lavington zenye maua juu, na ghafla maua yanakatika, uko sokoni. Kawangware ina haraka kuliko Kibera. Nyumba za ghorofa za kupanga zimeotea katikati ya mabati, nyama inachomwa kila kona, na Jumamosi jioni muziki wa baa moja unagombana na wa jirani yake.

Nilikwenda Jumamosi makusudi. Mpwa wangu alikuwa ameniambia kwamba wanaume wanaoletwa alfajiri ya Jumapili kutoka upande huu wana sura moja: hawana simu, hawana pochi, wengine hawana viatu, na hawaamki. Ni waliowekewa mchele. Wakenya wa bara hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wasomaji wa kwetu: mchele ni dawa ya kulevya mtu inayotiwa kwenye kinywaji chake baa ili aibiwe, na wale wanaotajwa sana kwa kazi hiyo ni wanawake wazuri wanaokaa meza ya pembeni. Haikutengenezwa na mganga. Nyingi ni dawa za hospitali, za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, jamaa ya ile ambayo vijana wetu wa Mombasa wanaiita bugizi. Peke yake humlaza mtu. Pamoja na pombe hupunguza pumzi. Na anayeletwa akinuka pombe Jumapili alfajiri, kila mtu aliyeko zamu ana sababu ya kusema "huyu amelewa" na kumgeuza ubavu. Kazi ya kwanza, aliniambia mpwa wangu, ni kuihesabu pumzi yake, na ya pili ni kumpima sukari, hata kama amelewa.

Wenyeji hulisimulia jambo hili kwa kicheko. Kwenye kibanda cha chai walinipa visa vitatu vya wanaume walioamkia mtaroni, na kila kisa kilimlaumu mwanamume kwa tamaa yake. Sikucheka sana. Mtu aliyepewa dozi asiyoijua na mtu asiyempima uzito wala kumuuliza ana ugonjwa gani amezidishiwa dawa kama mwingine yeyote, na aibu ya kuchekwa ndiyo inayomfanya akiamka aondoke hospitali bila kusema lolote, na baa ile ile ikafunguliwa jioni.

Upande wa Gatina nilikuta kemist ambayo ningeweza kuirudia hata kwa miguu. Mwenyewe ni mama wa umri wangu, miwani imeshikwa na uzi. Naye anakata vidonge viwili viwili. Hana njia nyingine, wateja ni wale wale wa mbao. Lakini kabla ya kutia kwenye bahasha anaandika kwa herufi kubwa: jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, tarehe, na mwisho mara ngapi. Nilikaa kitambo nikimtazama. Mteja mmoja aliyekuwa na haraka ya matatu alimuuliza, "Mathe, unaniandikia barua?" Akamjibu bila kuinua kichwa, "Siandikii wewe. Naandikia yule atakayekukuta."

Nilimpa salamu ya kazi, nikamweleza mimi nani. Tukaongea habari za kalamu. Alisema kuandika hakumchukui muda wa kutosha kumpoteza mteja hata mmoja, na kwamba alianza baada ya hospitali kumpigia simu usiku kuhusu kidonge cheupe, cha duara, chenye mstari katikati.

Chicago walifungua kituo cha kwanza cha taarifa za sumu nchini Marekani mwaka 1953, ambapo daktari yeyote angeweza kupiga simu na kuuliza. Ni jambo jema na kila nchi inalihitaji. Lakini hata kituo kile, ukikipigia, kitaanza kwa kukuuliza jina la kilichomezwa. Kwa hiyo ninaomba kwa wenzangu wa kazi, wa Kibera, Kawangware, Mwembe Tayari na kwingineko: ukikata, andika. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura 244, haijakuomba hisani. Imekutaka uuze dawa inayojulikana. Na kliniki zinazotoa dawa za miezi zitoe na mkebe wenye kifuniko kigumu, au walau zimwambie bibi apandishe msumari.

Na wewe msomaji, likitokea nyumbani kwako, usimtapishe mtu, usimpe maziwa, usingoje uone kama atatulia. Tazama saa. Chukua bahasha, mkebe, chupa, chochote kilichobaki, uende navyo hospitali usiku huo huo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Na kama aliyechoka na maisha ni wewe, au ni mtoto wako, Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapokea simu kwenye nambari 1199, na hawatozi kitu.